Kolestro ya mzee: kopo la mchele mwekundu badala ya vidonge vya hospitali?

BintiTandika:
Shikamooni wakubwa. Baba yangu ana miaka 61, seremala pale Keko. Mwezi uliopita alipima damu, kolestro mbaya ikasoma 4.6. Daktari akamwandikia atorvastatini miligramu 20, kidonge kimoja kila usiku. Kameza wiki tatu, sasa hataki kuviona. Jirani kamletea kopo la "dawa asilia" la shilingi 90,000 na kumwambia aache vya hospitali, eti vinachosha ini. Kwenye kopo pameandikwa mchele mwekundu uliochachushwa. Mzee ananiambia, "Mwanangu, mchele utanidhuru nini?" Mama alituondoka 2019 kwa kiharusi, kwa hiyo hapa nina hofu ya kweli. Nani anaujua huo mchele?

MzeeWaUpanga:
Marahaba binti. Nimeuza dawa dukani miaka 14. Huo mchele una kitu kinaitwa monakolini K, na hicho ndicho lovastatini yenyewe, ndugu wa dawa anayoikimbia. Ila cha hospitali kina kipimo kinachojulikana. La kopo, moja laweza kuwa na nyingi, jingine karibu hakuna. Akimeza vyote viwili ni hatari zaidi. Misuli ikiuma sana au mkojo ukawa rangi ya strungi, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo.

Mwulize pia kwa upole kwa nini ameacha. Wazee wengi hawasemi mpaka waulizwe.

Akitaka cha asili cha kusaidiana na dawa, kuna isabgol, maganda ya mbegu, maduka ya Wahindi Kisutu wanayo. Mimi naitumia. Koroga kijiko kwenye glasi kubwa ya maji unywe papo hapo, ukichelewa inavuta kama mlenda. Utelezi huo unabeba nyongo na kutoka nayo chooni, ini nalo linachukua kolestro kwenye damu kutengeneza nyongo mpya. Yangu ilitoka 3.9 ikafika 3.6 kwa miezi mitatu. Inashusha kidogo tu, kidonge haikiondoi. Asiibwie kavu, itamkaba. Na aiachanishe na dawa zake kwa muda wa saa mbili hivi.

SinzaKwaRemmy:
Mimi nilitafuna kitunguu saumu mwaka mzima, kipimo hakikusogea. Kilisogea nilipoacha supu ya makongoro na chapati mbili za kila asubuhi.

BintiTandika:
Mungu awabariki. Jana usiku nimemuuliza. Kumbe mapaja yanamuuma tangu wiki ya pili, hata kusimama kwenye randa anajishikilia meza. Alinyamaza akihofia nitaomba ruhusa kazini nimpeleke tena. Nimempigia daktari, kasema asimeze chochote kati ya hivyo viwili mpaka amwone kesho asubuhi na kumpima damu. Kopo nimeliweka kwenye mkoba wangu, tunakwenda nalo.