Re: Re: Mama kapokonywa chupa uwanja wa ndege, wameandika "Wodka" (vodka). Nijaze nini?

Kutoka: Kijana wa Ujiji (Bremen)

Habari za usiku wanalisti, wakubwa shikamooni.

Mama kaja huku Ujerumani wiki iliyopita kumuogesha mjukuu (wote wazima, ahsanteni kwa michango). Pale uwanjani kapita mlango wa kijani, ule wa wasio na cha kutangaza forodhani, kwa sababu ndio uliokuwa karibu, mnawajua wazee wetu. Wakamfungulisha sanduku. Dagaa kilo nne, hawakusema kitu. Mawese wakanusa wakaacha. Halafu ikatoka chupa ya maji ya lita moja na nusu, lebo imebanduliwa, kizibo kimeviringishwa nailoni na kufungwa kwa mpira wa tairi la baiskeli. Afisa akafungua, akanusa, kichwa kikarudi nyuma. Mama akamwambia kwa Kiswahili, "Ni dawa ya miguu, mwanangu." Kwenye karatasi wakaandika: Wodka, 1,5 l.

Sasa imekuja barua yenye fomu. Aina ya kinywaji, malighafi, asilimia ya alkoholi, thamani. Nimepewa siku 14. AT yangu (kibali cha ukaaji) inaisha Oktoba, sitaki jina lichafuke. Swali langu ni dogo tu: vodka inatengenezwaje na huwekwa nini, ili nieleze kwamba ile ya mama siyo? Na pale kwenye malighafi niandike nini?

Kutoka: Binti Mwanga (Leeds)

Hongereni sana kwa mtoto! Chupa itasahaulika, mtoto yupo.

Huku kwetu mtu anaruhusiwa lita 4 za pombe kali, mama angepita huku anaimba. Lakini usidhani tumepona. Mimi tangu watoe BRP, ile kadi ya ukaaji, na kuleta eVisa ya mtandaoni, akaunti yangu inaonyesha picha ya pasi ya zamani, nimepiga simu mara sita, kila anayepokea ananiambia nijaze fomu ileile niliyojaza. Mwenye kupitia hili aniandikie.

Kutoka: Mzee wa Reli (Dortmund)

Binti, Uingereza imejitoa, sheria zenu hazimsaidii huyu kijana. Tusichanganye mafaili.

Kijana, sikiliza. Anayetoka nje ya EU (Umoja wa Ulaya) anaruhusiwa lita 1 ya kinywaji kilichozidi asilimia 22, AU lita 2 za kisichozidi. Ndiyo maana wanakuuliza asilimia. Na kwenye ndege, kinywaji cha kati ya 24 na 70 kinatakiwa kiwe kwenye chupa ya dukani isiyofunguliwa. Mpira wa baiskeli si kizibo cha dukani.

Halafu ikija Bescheid, yaani barua ya uamuzi, unaandika Einspruch, pingamizi la mambo ya kodi, si Widerspruch, pingamizi la ofisi nyingine. Naona kila mwaka humu watu wanaandika Widerspruch kwa forodha. Una mwezi mmoja. Nimelisema hili tangu listi ianze.

Kutoka: Kijana wa Ujiji (Bremen)

Ahsante mzee. Lakini Bescheid bado. Hii ni fomu ya maelezo. Vodka inatengenezwa na nini?

Kutoka: Baba Neema (Poznań)

Hapa mmefika kwangu. Nilifanya kazi miezi saba kwenye kiwanda cha pombe kali, zamu ya usiku, kuosha matangi. Shule yangu yote ya vodka niliipata nikiwa na mpira wa maji mkononi.

Watu wanadhani vodka ni viazi. Viazi vipo, hasa huku Poland, lakini nyingi ni nafaka: ngano, au rai, ile ya mkate mweusi. Nafaka inasagwa, inachemshwa na maji mpaka inakuwa uji mzito. Uji wenyewe hauwezi kulewesha, wanga si sukari. Hapo wanatia kimea au vimeng'enya vya kiwandani, na ule uji unalainika mbele ya macho yako, unakuwa mtamu. Mama yeyote wa kwetu anayepika togwa analijua hilo, anatia kimea cha ulezi na hakuna aliyemwambia neno kimeng'enya. Usiku wa kwanza nilipofungua mfuniko wa tangi ile harufu ilinipiga, nikasimama. Ilikuwa jiko la bibi Kasulu, kabisa.

Unapoozwa, unatiwa hamira, unaachwa uchachuke siku tatu hivi. Hapo una kitu kama pombe ya kienyeji tu, nguvu yake karibu asilimia 8 au 10. Kinachofuata ndiyo tofauti yenyewe. Kinapelekwa kwenye minara mirefu ya chuma, ndani ina sahani juu ya sahani, mvuke unapanda, maji yanashuka, na kila sahani ni kama umeipika upya. Juu kabisa inatoka spiriti ya asilimia 96. Haina harufu ya rai wala kiazi. Kisha inarudishwa chini kwa maji yaliyoondolewa chumvi, wengine huipitisha kwenye mkaa, inafika 40. Kwa sheria ya EU isipungue 37.5. Viungo vyake ndivyo hivyo: nafaka au kiazi, hamira, maji. Hata jina lenyewe limetoka kwenye neno la maji katika lugha za huku.

Sasa ile ya mama. Pipa moja, mrija wa shaba unapita kwenye karai la maji, inadondoka kwenye chupa. Imepikwa mara moja, kwa hiyo imebaki na harufu ya mama yake. Kama ni ndizi inanuka ndizi. Vodka kazi yake ni kutonuka chochote. Afisa aliyerudisha kichwa nyuma alikuwa anakuambia mwenyewe kwamba siyo vodka.

Kutoka: Mwana Unyanyembe (Aarhus)

Mwangaluka wote. Baba Neema umeeleza vizuri ila umesahau jambo. Huyo Mendeleev wa kemia ndiye aliyepanga vodka iwe 40. Na kuhusu gongo, methanoli inachemka nyuzi 64.7, ethanoli 78.4, kwa hiyo ukimwaga yale matone ya mwanzo sumu yote imeondoka. Mama mpishi mzuri hana hatari.

Pili, nyie watu wa Kigoma kila kitu ndizi na mawese. Sisi Tabora tuna asali. Mama angebeba asali yasingemkuta haya.

Kutoka: Baba Neema (Poznań)

Ndugu yangu, hapana, mara mbili. Mendeleev aliandika tasnifu mwaka 1865 kuhusu kuchanganya alkoholi na maji. Kupanga 40 ni hadithi ya baa.

Na hilo la methanoli usilirudie hadharani, mtu atakufa. Kwenye pipa moja hizo mbili hazitoki kwa foleni kama abiria, zinatoka zimechanganyika. Halafu wengi wanaokufa kwa mafungu hawauawi na ndizi. Wanauawa na mtu aliyeongezea spiriti ya viwandani ili chupa ziwe nyingi. Huyo hata umwage matone ya mwanzo ndoo nzima hakusaidii.

Kutoka: Mzee wa Reli (Dortmund)

Na asali pia ina kikomo, kilo 2 kwa mtu. Unyanyembe usimpeleke mtu kwenye shimo jingine.

Kutoka: Mwana Unyanyembe (Aarhus)

Kilo 2 za asali ya Tabora zinatosha mwaka, mzee. Nyeusi, ya miombo, ukiiinamisha chupa inafikiri kwanza ndiyo ishuke. Mara ya mwisho nilinunua dirishani, treni imesimama Tabora usiku, mama mmoja anakimbia na behewa huku anadai chenji yake. Nilimrushia, sijui kama aliipata. Miaka tisa hiyo.

Kutoka: Bi Katubuka (Papenburg)

Umenikumbusha mbali. Mimi kila siku napita mji uliotengeneza Liemba yetu mwaka 1913. Nikiwaambia majirani ile meli iko ziwani kwetu wanadhani natania. Siku mvua ikinyesha harufu ya mfereji inakuja kama ya gati la Kigoma, nikitafuta migebuka, samaki wa ziwa letu, sioni.

Kutoka: Kabwe Mpya (Minneapolis)

Jamani mnashughulika na matawi. Mzizi ni kwamba mama zetu wanatafutwa na polisi nyumbani kwa kitu ambacho Wapoland wanakijengea kiwanda. Sheria ya Moshi, yaani gongo, ni ya 1966, mpaka leo mama mwenye pipa ni mhalifu. Viroba, vile vipakiti vya pombe kali, vikapigwa marufuku Machi 2017, sawa, nilikubali, watoto wa shule walikuwa wanavinyonya kama juisi. Lakini nani amemwambia yule mama, njoo tukupe leseni, tupime? Konyagi inatoka kwenye molasi na tunaiita fahari ya taifa. Molasi na ndizi zimetofautiana nini mbele ya Mungu?

Na hao hao hawataki kutupa uraia pacha. Wajerumani wameufungua kwa wote tangu Juni 27, 2024. Kwetu bado tunaambiwa subirini.

Kutoka: Mzee wa Reli (Dortmund)

Uraia pacha una mada yake, ina barua 212. Tafadhali. (Ila nakubaliana nawe.)

Kutoka: Binti Mwanga (Leeds)

Kwani kodi yenyewe ya hiyo chupa ni kiasi gani mpaka tugombane?

Kutoka: Baba Neema (Poznań)

Ujerumani kodi ya pombe kali ni euro 13.03 kwa lita ya alkoholi tupu. Lita 1.5 ikiwa ya asilimia 40 ni lita 0.6 ya alkoholi. Euro 7 na senti 82. Tumekunywa chai ya zaidi ya hapo tukijadili.

Kijana, ile ya mama ikiwashwa kiberiti inawaka? Kama inawaka moto wa bluu, usiwadanganye kwamba haijafika 22.

Kutoka: Kijana wa Ujiji (Bremen)

Nimemuuliza mama. Anasema huwashwa kwenye kizibo cha soda, ikikataa kuwaka humrudishia mwenyewe. Hiyo iliwaka.

Halafu nikamuuliza ni ya ndizi gani. Kaniangalia kama sijazaliwa Ujiji. Kasema siyo ya ndizi, hajawahi kupanda ndege na gongo la ndizi maishani. Ni wanzuki (pombe ya asali) wa shoga yake wa Tabora, uliopikwa mara mbili, ndani kuna mizizi mitatu ambayo hanitajii kwa sababu mke wangu yuko karibu. Na anataka chupa yake irudi.

Kwa hiyo malighafi niandike asali? Na mizizi? Mwisho ni Ijumaa.

Kutoka: Mwana Unyanyembe (Aarhus)

ASALI! Nilisema mimi! Muulize huyo shoga anakaa mtaa gani, Isevya au Cheyo?

Kutoka: Mzee wa Reli (Dortmund)

Kama ni asali basi swali linabadilika, maana vodka isiyo ya nafaka wala viazi lazima lebo itaje imetengenezwa na nini. Lakini nyie mlisema siyo vodka. Sasa mmesimama wapi?

Kutoka: Bi Katubuka (Papenburg)

Kabla mada haijafungwa, kuna anayesafiri kwenda Kigoma mwezi huu? Nina viatu vya watoto kilo tatu. Akirudi aniletee migebuka, iliyokaushwa vizuri, iliyofungwa dukani.