Eti "subiri jua"! Dizeli haiwaki asubuhi, fundi ananiambia nisubiri jua

Dereva wa Alfajiri (mwanzisha uzi)

Wakuu, mikono bado inanuka dizeli hapa ninapoandika, na nisipoandika nitapasuka.

Yule fundi. Jina silitaji, mnamjua. Yule wa penseli sikioni, penseli ambayo haijawahi kuandika hata namba ya simu. Leo asubuhi kasimama mbele ya gari yangu, boneti iko wazi, mimi niko ndani nimepiga selfu mpaka kidole gumba kimekufa ganzi, akanitazama kwa utulivu kabisa akasema: "Mkuu, subiri jua."

Subiri jua! Mimi nimeanika nguo?

Ngoja niwape picha. Gari ni dizeli ya zamani, silinda nne, haina hata kompyuta moja ya kusingiziwa. Mchana ukigusa ufunguo tu inaitika. Ikilala nje usiku kucha, asubuhi ni msiba. Selfu inazungusha vizuri, nyuma unatoka moshi mweupe mzito mpaka jirani kafunga madirisha yote akidhani wamekuja kupuliza dawa ya mbu. Inakohoa kwa silinda moja, inataka, inataka, inakataa. Unapumzika, unarudia. Mtaa mzima umeshaamka, wewe bado uko na ufunguo mkononi.

Siku ya kwanza kabadilisha filta ya dizeli. Sawa. Siku ya pili kasema betri, nikanunua betri. Siku ya tatu kasema selfu imechoka, akaishusha, akaipuliza vumbi, akairudisha ilivyokuwa. Siku ya nne kainamia pampu ya dizeli, kaigongagonga kwa mpini wa bisibisi kama daktari anayesikiliza kifua, akatoa hukumu: pampu ishushwe ikapimwe, pamoja na nozo zote nne, zile za kupulizia mafuta silindani. Pampu, wakuu! Pampu hiyo hiyo ambayo mchana inawasha gari kabla sijamaliza kugeuza ufunguo!

Nikakataa. Ndipo leo akaja mikono mitupu. Hana spana, hana mita, hana hata kitambaa, maana mikono kafutia kwenye kiti changu. Na kabla ya kusema neno, katazama juu. Juu mbinguni! Sijawahi kuona fundi anayetafuta hitilafu ya injini mawinguni. Katazama, kavuta pumzi, kashusha macho, ndipo akasema "mkuu, subiri jua". Kwa upole, kama anayenipa pole ya msiba.

Saa 4 jua limepanda, nikapiga selfu, ikawaka. Akanigeukia na penseli yake: "Si nilikwambia?" Kisha akadai ujira. Ujira wa nini? Wa kuchomoza?

Alipoondoka nikachukua taa ya kupimia, ile ya balbu na waya moja. Nikafungua ule utepe wa chuma unaounganisha plagi za kupasha moto, zile zinazosaidia injini baridi kuwaka, nikabana waya kwenye chanya ya betri, ncha nikagusisha kichwa cha plagi moja moja. Ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Ya nne balbu ikawaka. Plagi tatu kati ya nne zimekufa! Kazi yote imenichukua robo saa, na mimi si fundi. Yeye siku tano kanizungusha, akamalizia na SUBIRI JUA.

Sitaki ushauri. Nataka mtu aniambie nina haki ya kukasirika.

---

Spana Kumi na Saba

Haki unayo mkuu, pole. Lakini betri mpya ulinunua kabla ya kupima hata volti? Wewe na huyo fundi mnatofautiana penseli tu.

Dereva wa Alfajiri

Volti nilipima. Betri ya zamani ilikuwa 12.6 ikiwa imelala na 10.4 selfu ikizungusha. Nikamwonyesha mita. Akasema mita zinadanganya. Mita inadanganya, jua ndilo mkweli!

Bibi Gea

Mwanangu, hasira yako ni halali kabisa. Moshi mweupe ulikuwa unamwambia kila kitu, na yeye alikuwa anauvuta puani. Ukizungusha dizeli iliyopoa, moshi mweupe ukatoka na isiwake, maana yake mafuta yanafika silindani ila hayashiki moto. Ukizungusha na nyuma hakutoki hata uzi wa moshi, hapo mafuta hayafiki. Ndipo unaenda kwenye filta, hewa kwenye mipira, au ile swichi ya kukata mafuta kwenye pampu, inayotakiwa kulia "tak" ukifungua ufunguo. Huyo kaona moshi akakimbilia pampu. Ni sawa na kuona mtu anatapika ukamuuliza kama amekula.

Mjuzi Hasa

Acheni uongo. Dizeli haina plagi.

Spana Kumi na Saba

Tumeanza.

Mjuzi Hasa

Nasema ukweli, Rudolf Diesel alitengeneza injini isiyotumia plagi. Tafuteni.

Bibi Gea

Haina plagi ya cheche, kijana. Hizi ni za kupasha moto, glo plagi, ncha yake inaiva nyekundu kama pasi. Injini ya Diesel iliyofaulu kule Augsburg mwaka 1897 iliwasha mafuta kwa joto la hewa iliyobanwa, na mpaka leo ndivyo. Hizi za zamani zinabana hewa kama mara 20 hivi, joto linapita digrii 500. Lakini chuma kikiwa baridi kinanyang'anya lile joto, hasa zile zenye kichumba cha kuchomea pembeni ya silinda. Plagi ipo kusaidia sekunde zile za mwanzo tu. Ikishashika moto, inajitegemea.

Mjuzi Hasa

Kwa hiyo jua likipasha chuma inawaka. Kwa hiyo fundi alisema kweli.

Dereva wa Alfajiri

WEWE NDIYE YEYE?

Tangi Tupu

😂😂 Mwonyeshe penseli tumwamini.

Koili Imezima

Mwanzisha uzi, taa ya koili kwenye dashibodi, ile ya plagi za kupasha moto, ilikuwa inawaka? Maana ingekuwa haiwaki ungeshtuka mapema.

Dereva wa Alfajiri

Ndiyo iliyonipoteza. Inawaka rangi ya chungwa, inakaa sekunde zake, inazima, kila kitu sawasawa. Kumbe kwenye gari yangu ile taa inahesabu muda tu! Plagi zikiwa zimekufa zote yenyewe inawaka na kuzima kama mlinzi anayeandika "salama" huku geti limeibwa. Na fundi naye aliitazama ile taa akatikisa kichwa kwa kuridhika. Halafu siku ya tano akatazama juu. Katazama JUU, wakuu.

Tangi Tupu

Mkuu shukuru Mungu wako alikuwa wa kusubiri. Wangu alikuwa na haraka. Kaja na kopo la ile dawa ya kupuliza ya kuanzishia injini, kanyunyiza kwenye mdomo wa hewa huku plagi ZIMEWASHWA, kaniambia piga. Nikapiga. Mlio uliotoka hapo, watu walilala chini. Boksi la filta ya hewa limepasuka, nyusi zake zimeondoka mpaka leo hazijarudi. Nilipofungua injini, ringi za pistoni mbili ni vipande. Ndugu zangu, dawa ile na plagi za moto havikai nyumba moja. Wewe umeambiwa subiri jua, mimi niliambiwa "jikaze".

Kichwa cha Silinda

Nyusi zinaota. Mimi yangu haioti. Fundi kaja kutoa plagi, injini ya baridi, hajapaka hata tone la mafuta ya kulegeza kutu, kaning'inia kwenye spana ndefu kama anapanda mnazi. Kak! Kanionyesha nusu ya plagi mkononi, anatabasamu: "Hii imetoka." Nusu nyingine iko ndani ya silinda hedi! Hedi nzima imeshushwa kwa ajili ya kipande kisichofika urefu wa kidole. Mwanzisha uzi, unapotoa zako pasha injini kwanza, mwagia mafuta ya kulegeza usiku wa kuamkia, geuza kidogo mbele kidogo nyuma. Ikikataa, iache.

Dereva wa Alfajiri

Asante mkuu, zangu zimetoka salama jioni hii, nne zote. Ncha ya moja imevimba kama njiti ya kiberiti. Lakini naomba turudi kwenye mada. Mtu mzima, fundi, anamwambia mwenzake subiri jua.

Shemeji wa Petroli

Mada ni mafundi, na mimi nina kubwa kuliko zote, ingawa si fundi, ni shemeji. Shemeji ninayemheshimu kaniazima gari siku moja, karudisha tangi limejaa. Nikamshukuru mbele ya watu. Kumbe kajaza PETROLI. Petroli haina ule ulaini wa dizeli, pampu ya zamani inategemea mafuta yenyewe kulainisha viungo vyake. Nilienda nayo mpaka ikaanza kugonga kama mtu anasaga kokoto. Ningejua mapema nisingegusa hata ufunguo, ningekimbilia kumwaga tangi. Na shemeji mpaka leo anasema "lakini nilijaza".

Koili Imezima

"Lakini nilijaza" 😭😭 Hii imeshinda subiri jua.

Dereva wa Alfajiri

Haijashinda chochote! Huyo alikosea kituoni. Huyu wangu alitafakari, akatazama juu, AKACHAGUA kusema.

Mtoa Hewa

Mimi bado nasema pima na hewa. Yangu ilinisumbua asubuhi hivyo hivyo nikabadilisha plagi zote bure. Siku moja nikaona nikiipaki imeinua pua haiwaki, nikiipaki imeshusha pua inawaka mara moja. Usiku dizeli ilikuwa inarudi tangini. Vile vimipira vyembamba vya kurudishia mafuta juu ya nozo vilikuwa vimechanika, vinavuta hewa. Nikaweka kipande cha mpira unaoona ndani kati ya filta na pampu: mapovu yanapita kama soda. Asubuhi nilikuwa nabonyeza ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka inakuwa ngumu, ndipo napiga. Mipira mipya, ugonjwa umekwisha.

Bibi Gea

Ya kwako ilikuwa inatoa moshi ukizungusha?

Mtoa Hewa

Hapana, kavu kabisa mwanzoni.

Bibi Gea

Basi umejijibu, baba. Ya huyu inafuka kama tanuri la matofali.

Mpiga Selfu

Tukiwa hapo hapo kwenye kuwasha gari asubuhi. Kuna mtu humu ndani ana nyaya zangu za kustulia betri. Nilimwazima kwa siku moja. Miezi mitano sasa. Zina vishikio vyekundu na vyeusi, kimoja kimefungwa utepe wa bluu. Anajijua.

Spana Kumi na Saba

Kila mtu humu ana nyaya za mtu. Mimi yangu iko kwa mjomba.

Shemeji wa Petroli

Yangu iko kwa shemeji. Yule yule.

Kichwa cha Silinda

Utepe wa bluu? Mkuu, zile nyembamba?

Mpiga Selfu

Umejuaje ni nyembamba?

Kichwa cha Silinda

Nimeuliza tu.

Koili Imezima

Mwanzisha uzi, umeshaweka plagi mpya? Imewaka?

Dereva wa Alfajiri

Nimeweka nne mpya, nimepima na waya inayotoka kwenye relei, ile swichi inayozipa umeme, moto unafika. Injini naiacha ilale nje, iwe baridi sawasawa. Kesho saa 11 alfajiri, giza totoro, napiga selfu, na simu itakuwa inarekodi. Ikiwaka nampelekea video hiyo hapo hapo, hata kama amelala. Aniambie jua liko wapi.

Tangi Tupu

Tutumie na sisi.

Mpiga Selfu

Kichwa cha Silinda, sijamaliza na wewe. Zile nyaya umezipeleka wapi?

Kichwa cha Silinda

Mkuu, zile zilikuwa na hatari. Nilibana mara moja tu, zikaanza kutoa moshi zenyewe, plastiki ikanigandia kiganjani.

Mpiga Selfu

KUMBE! Zile ni za gari ndogo ya petroli, wewe umeenda kuzungushia selfu ya dizeli! Selfu ya dizeli inakula ampea za kuchomelea geti! Na hukusema kitu miezi mitano!

Kichwa cha Silinda

Nilikuwa nasubiri zipoe.

Mpiga Selfu

Nataka nene. Za shaba. Na vishikio vyekundu.