kref, devm_kzalloc au struct device: ipi inafaa kwa draiva ya mizani ya USB?

Fundi_Ligula
Wakuu, habari za jioni. Kuna draiva ya Linux nimeachiwa niitunze, ya mizani ya USB inayotumika kwenye ghala la chama cha msingi huku Mtwara. Aliyeiandika alitumia devm_kzalloc kila mahali (inaomba kumbukumbu ambayo keneli, yaani kiini cha Linux, huirudisha yenyewe). Msimu wa korosho ukishafunguliwa Oktoba magunia yanapanga foleni hadi nje, na umeme nao ndio huo tunaoujua. Ukikatika, mizani inazima, laptopu inaendelea na betri yake, na programu ya karani bado imeshikilia /dev/mizani0. Karani akibonyeza kusoma uzito, mashine inaganda palepale. Nimewasha KASAN (kigunduzi cha makosa ya kumbukumbu ndani ya keneli), inalalamika use-after-free, yaani kutumia kumbukumbu iliyokwisha kufutwa, ndani ya mizani_read.

Naona njia tatu: kubaki na devm na kuziba viraka, kuhamia kref (hesabu ya wanaoushikilia muundo), au kuweka struct device (kifaa kinavyowakilishwa ndani ya keneli) ndani ya muundo wangu na kuipa release, yaani kazi ya kufuta, yake. Mnaoshinda na vitu hivi, ipi imenyooka?

Kusini_Kodi
Baki na devm mkuu. Ipo tangu keneli 2.6.21 mwaka 2007 na imetuondolea goto kibao kwenye probe (kazi ya draiva inayoitwa kifaa kinapounganishwa). Probe ikikwama katikati, kila ulichoomba kinarudishwa chenyewe, cha mwisho kikitangulia. Ukirudia kfree ya mkono utaishia kuvujisha kumbukumbu.

Mama_Keneli (Lindi)
Kusini_Kodi, sifa zote ulizotaja ni za kweli, ila hazimsaidii Fundi. devm hurudisha kumbukumbu draiva inapoachana na kifaa. Haijui, wala haiulizi, kama kuna faili bado liko wazi. Mizani ikizima, disconnect (kazi ya draiva kifaa kinapoondoka) inaitwa, ikishamaliza devm inafagia, na private_data (kielekezi cha draiva) ya faili la karani inabaki inaelekeza kwenye kumbukumbu iliyokwisha kupewa mwingine. Kiraka hakipo hapo, maana hata bendera ya "kifaa kimeondoka" ingekaa ndani ya muundo huohuo uliofagiliwa.

Fundi, una uhai wa aina mbili mikononi. Kuna uhai wa mizani, ambao unaisha umeme ukikatika na huna amri nao. Kuna uhai wa muundo wako kwenye kumbukumbu, ambao lazima ufike hadi mtu wa mwisho aliyefungua faili alifunge. Huu wa pili ndio kazi ya kref.

Fungua drivers/usb/usb-skeleton.c kwenye msimbo wa keneli, ni mfano mzima wa kesi yako. probe inaita kref_init, hesabu inaanza 1. Kila open inaongeza kref_get. Kila release ya faili inaita kref_put, na disconnect nayo inaita kref_put yake. Atakayefikisha sifuri, awe karani au disconnect, ndiye anayeendesha kazi ya kufuta. Usijali nani atatangulia.

Na .owner = THIS_MODULE isikudanganye. Inazuia rmmod (kuondoa draiva kwenye keneli) wakati faili liko wazi, haizuii kifaa kung'oka.

mtoto_wa_mikindani
Samahani wakuu, kwa nini asiweke atomic_t (namba ya kuhesabia) yake mwenyewe akaongeza na kupunguza? Ni mistari miwili.

Mama_Keneli
Mdogo wangu, mistari miwili hiyo ndiyo ilizaa CVE-2016-0728, tundu la usalama la Linux. Sehemu ya keneli inayotunza funguo ilikuwa inasahau kupunguza hesabu kwenye njia moja. Mtu wa kawaida aliweza kuiita tena na tena hadi namba ya biti 32 ikazunguka na kurudi sifuri, kitu kikafutwa huku kinatumika, naye akapata njia ya kuwa root (msimamizi mkuu wa mfumo). Kuanzia keneli 4.11 (2017) tuna refcount_t, ambayo ikielekea kufurika inaganda juu huko na kutoa onyo badala ya kuzunguka. kref ya sasa imejengwa juu yake. Ukiona kwenye dmesg (ujumbe wa keneli) "refcount_t: underflow; use-after-free", ujue kuna put iliyozidi.

Nachi_Dev (Nachingwea)
Mimi napigia kura struct device. Ukitumia cdev (kitu cha keneli kilicho nyuma ya faili la /dev) yako mwenyewe, cdev_device_add inaifanya cdev ishikilie rejea ya device, na faili lililo wazi linashikilia cdev. Kwa hiyo muundo haufutwi hadi faili lifungwe, bila wewe kuandika get na put kwenye open. Unapata na sysfs (mafaili ya kifaa ndani ya /sys) juu yake.

Masharti yake mawili tu. Usipoweka release keneli itakusema waziwazi kwamba kifaa chako hakina na lazima kirekebishwe. Na device_register ikishindwa, unaita put_device, huruhusiwi kfree ya moja kwa moja. Hili la pili linawaponza wengi kwa sababu kwa macho kfree inaonekana ndiyo sahihi.

Kusini_Kodi
Sawa, nimeelewa pa devm. Ila kuitupa yote ni kuonea. Vitu vinavyoguswa na draiva peke yake, kama GPIO, saa na regulator kwenye bodi ndogo, vibaki devm.

Mama_Keneli
Hapo tumekubaliana. Chochote anachoweza kukifikia mwenye faili wazi, kisiwe devm.

babu_tarakilishi
Hivi kweli mizani ya korosho inahitaji draiva ndani ya keneli? Kama ni ya HID (aina ya USB ya vifaa kama kibodi), hidraw inatosha. Kama siyo, libusb. Zote mbili zinamwezesha mwandishi wa programu ya kawaida kuongea na kifaa bila draiva yake ndani ya keneli. Programu ikianguka inaanguka peke yake, laptopu ya ghala haigandi na wakulima wamesimama juani.

Fundi_Ligula
Babu, shikamoo. Nimeliwaza hilo, ila mizani hii si ya HID, na programu ya karani inasoma /dev/mizani0 nami sina msimbo wake. Nachi_Dev, nimeipenda yako, lakini draiva inapita usb_register_dev (msingi wa USB ndio unaotengeneza faili la /dev), sina cdev yangu. Nimekwenda na kref:

```
static int mizani_release(struct inode *i, struct file *f)
{
	struct mizani *m = f->private_data;

	kref_put(&m->kref, mizani_futa);
	return 0;
}
```

mizani_futa inaita usb_free_urb, usb_put_dev, kisha kfree ya bafa na ya muundo. KASAN imenyamaza. Maswali mawili. Mtu akiita open sekunde ileile disconnect inapopita, kref_get yangu si itaangukia sifuri? Na karani aliyekuwa amelala ndani ya read akisubiri uzito, nani anamwamsha?

Mama_Keneli
La kwanza: kwa njia ya usb_register_dev uko salama. Msingi wa USB unashikilia kufuli lake la kusoma wakati open yako inaendeshwa, na usb_deregister_dev inalitaka kufuli hilohilo la kuandika. Ita usb_deregister_dev mwanzoni mwa disconnect, na kref_put iwe ya mwisho kabisa. Ungekuwa unatafuta muundo kwenye orodha yako mwenyewe, ungelazimika kufunga mutex (kufuli la mmoja mmoja) au kutumia kref_get_unless_zero chini ya ulinzi.

La pili: kati ya hizo mbili, shika mutex, weka m->imeondoka = true, achia mutex, halafu usb_kill_urb. URB (ombi la kusafirisha data ya USB) inakatishwa, kazi yako ya ukamilisho inaitwa, nayo ndiyo inapiga wake_up. read ikiamka ishike mutex, iitazame bendera, irudishe -ENODEV (hakuna kifaa). Fanya hivyo kwenye ioctl (amri nyingine za faili) pia. usb_get_dev inalinda kumbukumbu ya usb_device tu, mizani yenyewe imeshakwenda na huwezi kuiongelesha.

Ukimaliza washa CONFIG_DEBUG_KOBJECT_RELEASE ujaribu tena. Inachelewesha kuachiliwa kwa kobject makusudi, na aliyekuwa anategemea bahati anaonekana. Kwa majaribio usingoje umeme ukatike, andika jina la kiolesura kwenye faili la unbind ndani ya saraka ya draiva yako iliyo chini ya /sys/bus/usb/drivers huku cat ikisoma /dev/mizani0.