Mtoto mwenye jinsia mbili: upasuaji ni lazima?

Mama Baraka: Jameni, hapa Kenya mtoto akizaliwa na maumbile yasiyo wazi, lazima apasuliwe mapema?

Mkunga wa Kilifi: La, mama. Cha kuharakisha ni vipimo: chumvi za damu (sodiamu, potasiamu) na homoni za tezi za juu ya figo. Tezi zikishindwa kutunza chumvi, wiki ya 1 hadi ya 3 mtoto hutapika, hunyonya kwa uvivu, hukauka maji. Watu hudhani ni tumbo tu, kumbe anakufa! Akianzishiwa haidrokotisoni, dawa ya kuziba pengo la homoni za tezi hizo, msiruke hata siku moja. Akishikwa na homa, dozi huongezwa mara 2 au 3 kwa maelekezo ya daktari.

Wakili Pwani: Sheria ya Watoto ya 2022 inakataza kubadilisha au kuondoa viungo vya mtoto mwenye jinsia mbili bila ushauri wa daktari wa jenetiki, yaani bingwa wa mambo ya kurithi. Dai ushauri huo kwa maandishi.

Mama Baraka: Na mashangazi wanaotaka kumbadilisha nepi?

Mkunga wa Kilifi: Mbadilishe wewe, chumbani. Mwili wake si maonyesho.