Ati fashia yangu imeganda kama ugali wa jana!

Wadau wa Kisumu, ninaandika nikiwa nimesimama kwa sababu kuketi kumenishinda. Yule mkandaji wa kiwiko, ambaye nyote mnamjua, jioni hii alinilalia pajani kwa uzito wa lori la miwa, kisha akatangaza mbele ya wateja watatu waliokuwa wakisubiri: "Mama, fashia yako imeganda kama ugali wa jana, lakini nimeivunja."

Ugali wa jana! Mimi ninayebeba beseni la omena kichwani kila alfajiri!

Fashia ni ule utando mweupe ambao muuza nyama huuchuna juu ya mnofu kwa ncha ya kisu, na sote tumeona jinsi unavyokataa kukatika. Mwaka 2008 watafiti walipiga hesabu wakaonyesha kwamba kuubana utando wa paja hata kwa asilimia 1 kunahitaji nguvu zinazopita uwezo wa binadamu. Nafuu tunayoipata kwa kukandwa inadhaniwa kutokana zaidi na mishipa ya fahamu, ambayo imejaa ndani ya utando huo na ndiyo huiambia misuli ilegee. Sasa yeye alivunja nini, kama si heshima yangu? Nimebaki na alama ya zambarau pana kama kisahani, na wale watatu walicheka. Ugali wa jana, jamani!

Omena_Fresh: Pole, mama, ila ugali wa jana ukipashwa moto unalika vizuri na chai. Rudi akupashe.

Mkulima wa Ahero: Usimcheke mwenzako. Mimi nilimpelekea maumivu ya kisigino, akaukandamiza utando wa wayo mpaka nikamtaja marehemu nyanya yangu, na kesho yake nilishuka kitandani kwa magoti.

Binti Nakuru: Ninyi mna bahati, kwa maana wa kwetu huku hutumia chupa ya soda, anaiviringisha mgongoni huku akizungumza na simu, na mafuta anakutoza kando.

Omena_Fresh: Mafuta kando? Anatoza shilingi ngapi?

Binti Nakuru: Mia mbili, na ni mafuta ya kupikia, kwani nilitoka pale nikinukia mandazi.

Mkulima wa Ahero: Mia mbili kwa mafuta ya mandazi! Dada, huyo mfungulie uzi wake leo hii.