Mapipa ya shule ya Newala yamezuiwa Dar, barua ya msamaha inatoka wapi?

Mama Sofia (Reading):
Wanakusini habari zenu. Jamani nimechoka. Yale mapipa ya vitabu na matoi tuliyochangishana kwa ajili ya ile shule ya msingi ya Newala, ile ya kule unakoteremka bondeni kuelekea mto Ruvuma, yameshafika Dar na kontena la kushea, sasa kuna ofisi moja pale inasema bila msamaha wa kodi hayatoki. Kwenye BL (hati ya meli) mpokeaji ni mdogo wangu maana shule haina TIN yake (namba ya mlipakodi). Wakala wa forodha kila nikimpigia "sista vumilia, mtandao unasumbua", na storeji inapanda. Naomba kujua, barua ya DED (mkurugenzi wa halmashauri) inatosha au lazima ipite TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, kwanza? Na jina la mpokeaji linabadilishwaje mzigo ukiwa umeshashuka?

Mzee wa Masasi (Birmingham):
Pole dada. Msamaha wa nini lakini? Vitabu havina ushuru, kwenye CET, jedwali la ushuru la Afrika Mashariki, namba yake 4901 ni sifuri. Huyo wakala wako njaa inamsumbua, mwambie akupe TANSAD, ile fomu ya forodha, uisome mwenyewe.

Abuu Lindi (Manchester):
Mzee usimpoteze mwenzio. Kasema vitabu NA MATOI. Matoi ni namba 9503, yana ushuru, juu yake VAT asilimia 18, na TBS, wale wa viwango, wanataka CoC (cheti cha ubora) iliyokatwa huku huku kabla mzigo haujapanda meli. Ukichanganya pipa moja unasumbuliwa pipa zima. Mimi nilipeleka vyerehani vya mkono kwa kina mama wa Nachingwea, vizuri kabisa, bado vina nembo, wakala akanambia kuna "ya maji" yaani kitu kidogo, ndo karatasi zitembee, nikamwambia sina, basi vikakaa mpaka mvua za masika zikaisha. Mwisho vilitoka, ila gharama ya kuvitoa ningenunua vipya Kariakoo na chenji ingebaki.

Mzee wa Masasi:
Abuu, nimesema VITABU. Soma kabla hujajibu. Na vyerehani havihusiani na elimu, hiyo ni kesi nyingine kabisa.

Abuu Lindi:
Sawa mzee, nyie mnajua kila kitu.

Dada Nangurukuru (Bremen):
Samahanini naingilia. Mama Sofia usinielewe vibaya, moyo wako Mungu anauona, lakini hivi kabla ya kufunga hayo mapipa kuna mtu alimuuliza mwalimu mkuu anataka nini? Nilipoenda likizo nilipita shule moja kwetu Kilwa iliyopata msaada kama huo. Vitabu vimo kwenye kabati la chuma ofisini, kufuli, ufunguo anao mwalimu wa taaluma na siku hiyo kaenda semina. Alipoletwa boda ndo tukafunguliwa. Juu kabisa kuna kitabu kikubwa kizuri cha mtoto anajenga mtu wa theluji, kamfunga skafu, kampachika karoti puani. Kiingereza mwanzo mwisho, kurasa bado zinanatana, hakijawahi kufunguliwa. Boksi la chini liliachwa sakafuni, mchwa wameanza nalo. Na nje watoto wanasukuma gari la dumu, magurudumu wamekata kwenye kandambili, limewekwa mpaka sitelingi. Nikamuuliza mwalimu upungufu wenu hasa ni nini, akasema vitabu vya TET (Taasisi ya Elimu), maana mtaala mpya umeanza Januari 2024 na darasa zima linachungulia nakala chache, halafu madawati. TET wanavyo hata mtandaoni bure, kwenye ile maktaba yao, ila simu ya mwalimu ndo hiyo ya tochi. Hela ya kontena ingenunua tableti ya shule na sola yake na vitabu vya Kiswahili juu.

Mama Sofia:
Dada yangu asante kwa ushauri ila mapipa yameshafika, sasa niyarudishe Reading? Nimeuliza habari ya barua.

Kijana wa Tandahimba (Leicester):
Mnapiga kelele za ushuru, mimi nauliza kwa nini mzigo wa Newala ushuke Dar wakati Mtwara tuna bandari yenye kina kizuri na gati jipya? Kontena linashuka Dar halafu lori linarudi nalo zaidi ya kilomita 500, na barabara mnaijua, Mei 2024 kimbunga Hidaya kilikata kule Somanga, magari yamekaa siku kadhaa na abiria ndani. Korosho tumepigania weee ndo zikaambiwa zipite bandari ya Mtwara. Gesi 2013 watu waliandamana kupinga isipelekwe Dar, bomba likaenda Dar vilevile. 2018 korosho shilingi 3,300 kwa kilo jeshi likaja kusomba. Kusini tunakumbukwa kwenye kampeni tu.

Mzee wa Masasi:
Kijana bandari siyo gati peke yake, meli inafuata mzigo. Msimu wa korosho ukiisha meli ije kubeba nini, ming'oko, vile viazi pori vyetu?

Kijana wa Tandahimba:
Mzee ming'oko hiyo hiyo ungeiona hapa ungelia.

Abuu Lindi:
Hahaha hapo umempata. Mimi natamani uraka wa mabibo, ule wa siku hiyo hiyo, mtamu, kabla haujakolea.

Mratibu:
Siasa hapana jamani, sheria za kundi mnazijua. Uraka ruksa.

Bi Mikindani (London):
Assalam aleikum. Mimi sina la mapipa. Kuna anayeshuka Mtwara Desemba hii? Nina miwani ya mama na dawa zake za presha, kifurushi kidogo, hakizidi kilo. Cheti cha daktari kipo ndani. Naomba mnitumie meseji pembeni.

Kijana wa Tandahimba:
Waaleikum salam bi mkubwa. Mimi naenda tarehe 12 ila nashukia Dar, Mtwara nitafika kwa basi. Nina nafasi ya kilo tatu, kwa hiyo wa kwanza wewe.