Sidi za PlayStation 2 kwenye PlayStation 5: kuna njia?

BabaWatatu, Malindi

Assalamu alaykum. Shemeji yangu aliyekuja likizo kutoka Doha amewaletea wanangu PlayStation 5, nami tangu siku hiyo nimekuwa nikipekua makabati nikitafuta sidi zangu za PlayStation 2 nilizozicheza ujanani pale Maweni. Nimezipata kumi na nne, pamoja na memori kadi iliyobeba msimu wangu mzima wa ligi. Nilipoitia ya kwanza, mtambo ulinguruma kidogo, ukanijibu kwamba sidi hiyo haitambuliki, na wanangu wakacheka. Je, kuna mpangilio wa kubadilisha, au sidi zenyewe zimechakaa? Muuzaji mmoja wa mjini ananiambia kwamba nikimpa shilingi 3,000 ataufanya mtambo usome sidi zote za zamani. Nimesita, ndiyo maana nauliza kwanza.

MwanaLangoni, Lamu

Wa alaykum salaam. Pesa zako usizitoe, ndugu yangu. PS5, iliyotoka mwaka 2020, husoma karibu sidi zote za PS4, ila za PS1, PS2 na PS3 haizisomi, hata zikiwa mpya zisizo na mkwaruzo.

Mchezo wa zamani uliandikwa kwa ajili ya prosesa, yaani ubongo, wa mtambo wake. PS2 ilikuwa na yake ya pekee, iliyoitwa Emotion Engine, ambayo haimo ndani ya PS5. Kwa hivyo mtambo mpya hauna budi kuuigiza ule wa zamani kwa programu, na waliotengeneza wamefanya hivyo kwa michezo michache tu, ambayo huiuza upya kwenye duka lao la mtandaoni hata kwa mtu aliye na sidi yake mkononi. Michezo ya mpira ndiyo hurudi kwa nadra zaidi, kwa kuwa haki za kutumia majina ya timu na wachezaji hulipiwa kwa muda, na muda huo ulikwisha zamani.

Baadhi ya PS3 za mwanzo, zile za 2006, zilisoma sidi za PS2 kwa sababu ziliwekewa chipu za PS2 ndani. Baadaye chipu hizo ziliondolewa, basi ukiuziwa PS3 ya mtumba usidhani kwamba zote ni sawa.

Nahodha wa Shela

Naongeza la Xbox, maana huenda mwingine akauliza. Xbox Series X hukubali sidi za Xbox za zamani zilizomo kwenye orodha yake, lakini mchezo wenyewe haiuchukui kwenye sidi: huitazama tu kama ufunguo, kisha huushusha mchezo mzima kutoka intaneti. Mwenye kutegemea bando za simu apige hesabu mapema. Series S haina hata tundu la sidi.

FundiRedio, Lamu

Bwana BabaWatatu, kabla ya yote zigeuze sidi hizo uzitazame mgongoni penye mwanga. Sidi halali ya PS2 huwa na rangi ya fedha, na chache ni za buluu. Ukiona zambarau, hiyo ni nakala iliyochomwa kwenye kompyuta, na ilikubalika kwako kwa sababu tu mtambo wako ulichomelewa chipu ya kuufanya upokee nakala. Sidi ya namna hiyo hakuna mtambo mpya wowote utakaoipokea, wa kampuni yoyote ile.

Kama PS2 yako ipo, itengeneze. Huku kwetu upepo wa bahari hauna huruma na vyombo vya umeme, na nyingi ninazoletewa ugonjwa wake ni lenzi iliyoingia ukungu wa chumvi, ambayo huifuta taratibu kwa pamba na spiriti kidogo, bila kuibonyeza. Televisheni mpya mara nyingi hazina matundu ya njano, nyekundu na nyeupe, hivyo utahitaji kiboksi cha kugeuza mawimbi. Hapo uwe macho: viboksi viko vya aina mbili vinavyofanana kama pacha, na unachokitaka ni kilichoandikwa AV2HDMI, si HDMI2AV. Nimeona watu wakirudi dukani mara tatu kwa kosa hilo. Picha ikitokea imetanuka, weka umbo la picha la televisheni kwenye 4:3.

Memori kadi haitumii betri kuhifadhi kumbukumbu, kwa hivyo huenda msimu wako ungalimo.

BabaWatatu, Malindi

Nimezigeuza. Kumi na moja ni zambarau, tatu ni za fedha, na mimi miaka yote nikijisifu kwamba nilinunua mali safi. PS2 yenyewe nimeikuta kwa mama, juu ya friji, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nilinunua kiboksi (kwanza kile kisicho, nakiri), nikafuta lenzi kama alivyoelekeza Fundi, na baada ya jaribio la nne sidi ikazunguka. Msimu wangu umesimama palepale, mechi ya ishirini na tisa, ugenini.